Kegi moja inachachusha bia: je, pampu ya kuoshea ndiyo yenye kosa?

Swali la msomaji: "Nina kegi nne za chuma cha pua za lita 19, zile zenye mfuniko wa umbo la yai na valvu mbili. Nimejitengenezea mashine ya kuziosha: ndoo, pampu ya kuzamisha majini, na bomba lenye matundu linaloingia ndani ya kegi iliyogeuzwa kichwa chini. Kila kegi naiosha dakika 15 kwa dawa, naisuuza, halafu napitisha dawa ya kuua vijidudu kwa pampu hiyohiyo. Kegi tatu hazina shida. Ya nne, ambayo nimeitia alama, bia yake huanza kuchachuka baada ya wiki mbili tatu, hata kama ni ya mpiko mmoja na zile nyingine. Niongeze muda, ninunue pampu kubwa, au nizidishe dawa? Na je, dawa moja inatosha kuosha kegi zote nne?"

Ndugu yangu, kabla hujatoa hela kununua pampu nyingine, rudi kwenye maelezo yako mwenyewe. Pampu ni ileile, dawa ileile, dakika zilezile, na bia ni ya mpiko mmoja. Pampu ingekuwa dhaifu, kegi zote nne zingekusumbua, au zingepokezana. Ubovu unaong'ang'ania kegi moja umekaa ndani ya kegi hiyo, na mara nyingi umekaa mahali ambapo maji ya pampu hayafiki kabisa. Kwa hiyo acha muda ulivyo, acha dawa ilivyo, na ufungue valvu.

Mashine ya aina yako ina kazi moja inayoiweza vizuri sana, nayo ni kuosha kuta. Maji hupanda, hupiga kitako cha kegi ambacho sasa kiko juu, hutawanyika, kisha huteremka ukutani na kuurudisha uchafu kwenye ndoo. Chuma cha pua ni laini, na uchafu mbichi hauna pa kushika. Lakini bia haikai ukutani tu. Inapanda ndani ya mrija mrefu, inapita kwenye valvu, inagusa mipira. Kegi yako ina oringi tano, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji: moja kubwa ya mfuniko, mbili zinazoonekana kwenye vichwa vya valvu, na mbili ndogo zilizojificha chini ya vichwa hivyo, zinazoishika mirija. Hizo mbili zilizojificha ndizo ninazozishuku kuliko kitu kingine chochote. Bia hupenya chini yake, hukauka, na mabaki ya hamira na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) hugeuka utelezi ambao bakteria huutumia kama ngao. Ukishajijenga namna hiyo, dawa ya kuua vijidudu huua wa juu tu na kuwaacha wa chini.

Anza kwa kutoa gesi yote. Vuta pete ya valvu ya usalama kwenye mfuniko na uishikilie mpaka mlio uishe kabisa, ndipo ushike spana. Fungua kichwa cha upande wa bia na uweke vipande vyake vyote kwenye bakuli moja, kisha fungua cha upande wa gesi na ukitengee bakuli lake. Usivichanganye: kwenye kegi nyingi vichwa hivi viwili havifanani, na ukikifunga kimoja mahali pa mwenzake utapata uvujaji utakaokusumbua bure. Ndani ya kichwa utakuta kijipini chenye springi na mpira mdogo. Kishike chini ya mwanga, ukigeuze taratibu, uangalie pale mpira unapokutana na chuma. Ukiona mstari wa kahawia, pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukitoka na ute, chanzo cha uchachu wako umekishika mkononi.

Kisha chomoa mrija mrefu. Uelekeze kwenye mwanga na uchungulie kama unavyochungulia darubini. Unatakiwa kuona duara safi lenye kung'aa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mrija uliopinda kidogo chini utakuzuia kuona kote, na huo usiuamini kwa macho. Pitisha brashi nyembamba ndefu iliyolowekwa kwenye dawa, uivute mara kadhaa, halafu ipanguse kwenye karatasi nyeupe. Karatasi itakueleza. Mrija mfupi wa gesi nao usiuruke. Wengi huuruka kwa kudhani unapita gesi tu, ilhali kegi ikijazwa kupita kiasi, au ikilala wakati wa kubebwa, bia huingia humo na kubaki.

Oringi zikunje kati ya vidole. Zenye nyufa, zilizobapaa, au zenye harufu isiyotoka hata baada ya kulowekwa, zitupe. Kwa kegi hii moja ningebadilisha zote tano bila kubahatisha. Wakati wa kurudisha, zipake mafuta ya silikoni yanayoruhusiwa kwa chakula, kidogo sana, yaani ya kung'arisha tu. Mafuta ya mgando yatokanayo na petroli yaache, kwani huharibu baadhi ya aina za mpira na pia huua povu la bia.

Kama unataka ushahidi kabla ya kubadilisha chochote, fanya jaribio hili kwenye mpiko unaofuata: hamishia mfuniko wa kegi mbovu kwenye kegi nzima, na wa kegi nzima uje kwenye mbovu. Uchachu ukihama, kosa liko kwenye mfuniko, na hapo mtazame ile valvu ya usalama, kwa sababu povu huingia humo na wachache sana huifungua. Uchachu usipohama, tafuta kwenye valvu na mirija.

Onja pia kwa makini, maana uchachu una aina zake. Ule wa maziwa mgando, wakati mwingine ukiandamana na harufu ya siagi, kwa kawaida ni kazi ya bakteria wa asidi ya laktiki, akina Lactobacillus na Pediococcus. Hao hawahitaji oksijeni na hustawi vizuri ndani ya kegi iliyofungwa. Ule wa siki ni habari nyingine. Bakteria wa siki wanahitaji oksijeni, kwa hiyo ukiusikia, ama kegi inaingiza hewa, ama tatizo haliko kwenye kegi bali kwenye koki na mpira unaopeleka bia kwenye glasi. Hukusema kama kegi hiyo huwa inaungwa kwenye koki moja siku zote. Kama ndivyo, ibadilishie koki kabla hujailaumu. Namna rahisi ya kujua ni kuchota glasi mbili: ya kwanza iliyokuwa imelala kwenye mpira usiku kucha, na nyingine baada ya kumwaga ile ya kwanza. Kama ni ya kwanza tu iliyochachuka, kegi yako haina hatia.

Sasa tuje kwenye pampu, maana hata kama si mkosaji, ni haki yako kujua kama inatosha. Usiangalie kilichoandikwa kwenye lebo. Lita elfu kadhaa kwa saa zinazotajwa pale hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote na haina kizuizi mbele yake. Yako inapandisha maji karibu na urefu wote wa kegi na kuyasukuma kwenye matundu madogo. Pima mwenyewe: weka kichwa cha kunyunyizia kwenye kimo chake halisi, kielekeze kwenye ndoo ya lita 10, na uangalie saa. Wanaosafisha matangi viwandani huhesabu mtiririko kwa mzingo wa tangi, takriban lita 31 hadi 37 kwa dakika kwa kila mita moja ya mzingo, ili maji yashuke yakiwa yameufunika ukuta wote bila kuacha mapengo. Kegi yako ina kipenyo cha sentimita 22 hivi, kwa hiyo mzingo wake ni kama sentimita 69, na hesabu inatoa lita 21 hadi 26 kwa dakika. Ndoo yako ikijaa kwa sekunde 25, una lita 24 kwa dakika na huna sababu ya kununua kitu. Ikichukua sekunde 40, uko kwenye lita 15, na hapo pana kazi ya kufanya.

Hata hivyo, kazi hiyo mara nyingi iko kwenye bomba, si kwenye pampu. Watu hutoboa matundu mengi mno wakidhani wingi ni nguvu. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 12 au 13 linatosheka na matundu 15 hadi 18 ya milimita 2.5. Ukizidisha hapo, maji yatachuruzika badala ya kuruka. Mengi yaelekee juu, kwenye kitako, kwa kuwa maji yakishapiga hapo yataziosha kuta yenyewe yakishuka. Machache yaelekee pembeni. Na bomba liwe la chuma cha pua. Plastiki ya kawaida ya mabomba ya maji hulegea kwenye joto la kuoshea, na shaba haipatani na dawa zenye oksijeni wala na asidi.

Kwa kuwa huwezi kuona ndani ya chuma, tumia kiganja. Washa pampu ukiwa na maji yenye joto lisilozidi kikomo cha lebo ya pampu na ushike kegi kwa nje, ukianzia juu kuzunguka. Ndani ya dakika moja chuma kinatakiwa kupata joto sawasawa pande zote. Ukikuta ukanda unaobaki baridi, hapo maji hayafiki, na mara nyingi ni nyuma ya mrija mrefu, ambao huyazuia maji ya matundu ya upande huo. Zungusha bomba kidogo na ushike tena. Anayetaka uhakika zaidi atumie vitamini B2, yaani riboflavini, iliyoyeyushwa kwenye maji: rashia ndani, suuza kwa pampu, zima taa, umulike kwa tochi ya urujuanimno. Kila palipobaki patang'aa kwa rangi ya manjano ya kijani. Ni kipimo kinachotumika kwenye viwanda vya vyakula na dawa, na hakuna kinachokukataza kukitumia nyumbani.

Kuhusu muda na dawa, mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner alieleza usafishaji kwa vitu vinne: kemikali, joto, muda na nguvu ya msuguano. Ukipunguza kimoja, lazima vingine vifidie. Nakutajia hili kwa sababu nadhani kinachopungua kwako ni joto. Pampu nyingi ndogo za kuzamisha zimeruhusiwa maji ya nyuzijoto 35 au 40 tu. Kupita hapo, kinga yake ya joto huizima, au mpira unaozuia maji yasiingie kwenye mota huharibika. Soma lebo yako. Dawa za kuoshea vifaa vya bia zenye pakaboneti ya sodiamu hufanya kazi vizuri zaidi kwenye nyuzijoto 50 hadi 60. Basi kama pampu yako haivumilii, gawa kazi: jaza kegi kwa dawa yenye joto hilo bila kutumia pampu, mfuniko ukiwa umeegeshwa tu, uiache nusu saa, halafu mashine imalizie dawa ikishapoa hadi joto ambalo pampu inaruhusu. Kegi yenye dawa hiyo usiifunge kabisa kamwe. Pakaboneti hutoa oksijeni, na shinikizo litapanda ndani ya chombo ulichokizoea kuwa salama. Kipimo cha dawa kiwe kile cha lebo. Kuzidisha huleta utando mweupe mgumu kusuuza, hasa kwa maji yenye chokaa.

Jambo jingine ambalo halikutajwa kwenye maelezo yako ni suuza ya mwanzo. Kegi ikiisha, ifungue na uisuuze siku hiyohiyo, kabla ya dawa. Dakika moja ya maji matupu yanayomwagwa moja kwa moja huondoa sehemu kubwa ya uchafu. Bila hiyo, dawa yako hutumia nguvu kupambana na masimbi ya hamira yaliyoelea kwenye ndoo. Suuza hiyo pia huifukuza gesi ya kabonidioksidi iliyobaki ndani. Gesi hiyo hupunguza makali ya dawa za alikali, kama hiyo ya pakaboneti, na kwa wale wanaotumia sodiamu hidroksaidi humezwa kwa kasi kiasi kwamba chombo kilichofungwa kinaweza kubonyea kwa ndani. Mimi simshauri mtu wa nyumbani kutumia sodiamu hidroksaidi. Inaunguza ngozi na macho, na kazi yenyewe inafanywa na dawa zilizo pole zaidi.

Halafu kuna ukoko. Ukipitisha kidole kwenye ukuta mkavu na kuhisi ukwaru, au ukiona weupe unaoelekea kahawia ambao hauondoki kwa dawa ya kawaida, huo ni ukoko wa bia: kalsiamu oksaleti iliyoshikana na protini. Alikali peke yake haiuwezi. Unahitaji dawa ya asidi iliyotengenezwa kwa ajili ya vifaa vya bia, kwa kawaida yenye asidi ya fosforiki au nitriki. Ipitishe kwa kipimo cha lebo, suuza, fuatisha ile ya alikali, suuza tena. Si kazi ya kila mpiko. Ila kama hiyo kegi yako ya nne uliinunua ikiwa imeshatumika, ianze hivyo. Katika haya yote, dawa ya klorini iweke mbali. Hutoboa chuma cha pua vitundu vidogo ambavyo ni maficho mapya ya vijidudu, na ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Na steelwulu usiiguse: huacha mikwaruzo na chembe za chuma zitakazopata kutu.

Sasa dawa ya kuua vijidudu, ambayo unaipitisha kwa pampu. Zile za asidi zisizohitaji kusuuzwa hutoa povu jingi, na pampu ikishaanza kuvuta povu hunyonya hewa, mtiririko hukatika, nawe unabaki kusikia mlio ukidhani kazi inaendelea. Vilevile mirija na valvu hazipati kitu, labda uwe umeziunganishia matawi yake kutoka kwenye pampu, na hata hapo maji hupenda njia pana na kuliachia tawi jembamba matone. Njia ninayoitumia na kuipendekeza ni hii: kegi ikishasuuzwa na kufungwa na vipande vyake vyote, ijaze dawa hiyo mpaka juu kabisa, funga, itikise, ipindue dakika moja mbili ili dawa ifike kwenye mfuniko na mrija wa gesi, kisha isukume itoke kwa gesi kupitia mrija wa bia. Dawa inapita palepale bia itakapopita, na kegi inabaki imejaa kabonidioksidi badala ya hewa, jambo linaloilinda bia yako na oksijeni. Dawa inayotoka unaisukumia kegi inayofuata. Pampu haina nafasi katika hatua hii.

Umeme usiuchukulie kirahisi. Soketi iwe juu ya kiwango cha ndoo, waya uning'inie kwa kwenda chini kabla ya kupanda kwenye soketi ili matone yasiufuate, na mzunguko uwe na swichi inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30. Usitie mkono kwenye ndoo pampu ikiwa bado imechomekwa, hata kama imezimwa.

Na wenye kegi za kiwandani, zile za shingo moja yenye mkuki ndani, wasifuate maelezo yangu ya kufungua valvu. Mkuki ule ukifunguliwa kukiwa na shinikizo huruka kwa nguvu ya kuua.

Swali lako la mwisho: ndiyo, dawa moja inaweza kuosha kegi nne, mradi ziwe za siku moja na zimesuuzwa kwanza. Pakaboneti hupoteza nguvu ndani ya saa chache baada ya kuyeyushwa, kwa hiyo dawa ya jana ni maji ya magadi tu. Ikigeuka kahawia au ikipoa sana, ibadilishe. Ile kegi ya nne ioshe ya mwisho, ili uchafu wake usizungushwe ndani ya zile tatu. Ukimaliza, pitisha maji safi kwenye pampu, itoe umeme, fungua kifuniko cha chini kinachofunika panga, na utoe nyuzi za hopsi zilizojisokota humo. Kisha iache ikauke ikiwa nje ya ndoo. Pampu inayolala kwenye maji ya suuza huota utelezi wake yenyewe, na mpiko unaofuata itaurusha kwenye kuta za kegi zote nne.